Shada la Mzima

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi alikuwa akitengeneza mashada ya maua, na katika wote aliowatengenezea hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Hayo yalikuwa majigambo yake mwenyewe, na aliyatoa kwa uso mkavu huku mikono ikiendelea kuzungusha waya. Meza yake ilitazamana na geti la nyuma la hospitali, lile wanalotokea watu wasiotembea. Mteja alikuja macho mekundu, akaonyesha maua meupe kwa kidole, akataja jina la kuandikwa kwenye utepe, akaondoka. Shangazi aliliombea lile jina kimoyomoyo, kisha akaanza shada jingine.

Kwa hiyo Jumapili ile, baada ya ibada, binti wa kaka yake aliposogeza kiti karibu naye sebuleni na kumwambia anataka shada, Shangazi aliruka kama aliyekalia sindano.

"Shada la nani?"

"Langu."

"Ushindwe na ulegee! Uko mzima hivyo unaagiza shada?"

"La harusi, Shangazi. La kushika mkononi. Na nataka la alizeti."

Binti huyo nyumba nzima ilimwita Kadogo, kwa sababu alizaliwa mdogo na hakuwahi kuona haja ya kubadilika. Harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Bibi, mama yake Shangazi, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi akijifanya amelala. Masikio yake yalikuwa mazito kwa yote aliyoambiwa na mepesi kwa yasiyomhusu.

"Alizeti?" akafumbua jicho moja. "Mwacheni. Wenzake wanaolewa na maua, mke mwenzangu anaolewa na mafuta ya kupikia. Mume wetu hatalala njaa."

"Bibi, mume ni wangu peke yangu."

"Tutagawana. Wewe utachukua siku za kufua, mimi nitachukua siku za mshahara."

Wakacheka, na Shangazi akacheka nao. Lakini alipofika kwake alipiga magoti kando ya kitanda kabla hata ya kuvua viatu vya kanisani. "Mungu wangu," alisema, "unajua mimi si mtu wa kukusumbua. Nipe moja tu. Shada moja ambalo mwenyewe atalibeba kwa miguu yake."

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa mama mdogo wa bwana harusi, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kupamba kumbi za sherehe. Mpambaji huyu angeweza kuchukua bohari la saruji, akalivalisha vitambaa, na watu wakaingia wakinong'ona. Alikuwa mwema, ila aliongea taratibu mno, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

"Dada, nimesikia. Wazo zuri sana. Ila sisi watu wa harusi hatusemi shada, tunasema ua la mkononi. Shada ni la... unanielewa."

"Nakuelewa."

"Sasa, mimi ninalo moja la hariri, jeupe, liko kwenye boksi lake. Alhamisi nitakuja nalo tulinganishe. Lako likipendeza, nitashangilia. Lisipopendeza, hatuna haja ya kugombana."

Shangazi akashukuru, akakata simu, akabaki ameshika tama. Hakuwahi kufikiri kwamba angeshindanishwa na boksi.

Jumatano asubuhi alikuwa sokoni kabla wauzaji hawajamaliza kumwagia maua maji.

"Alizeti ya kuku au ya kasuku?" aliuliza muuzaji.

"Ya harusi."

"Hongera, mama! Na mimi nilidhani umeshakata tamaa."

"Harusi si yangu."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Shangazi akamwacha ajifurahishe, akainamia ndoo. Zile zilizofunguka upana wa sinia alizipita, kwa sababu Kadogo na ua la namna ile, wageni wangeuliza anayeolewa ni yupi. Alitaka zenye ukubwa wa kisahani cha chai, ambazo bado zinajifikiria kama zifunguke au la. Kila moja aliishika chini ya kichwa akaitikisa kidogo. Iliyoyumba shingo kama mzee anayesinzia wakati wa mahubiri aliirudisha. Akapata ishirini na mbili.

Mezani kwake, mikono ilianza kazi bila kumuuliza. Ilikata mashina mafupi, ikakunja waya, ikapachika, ikafunga. Alipoinua macho kazi ilikuwa imekwisha, imekaza, haina kasoro. Alhamisi mchana aliifunika kwa gazeti, akaibeba hadi sebuleni kwa kaka yake pamoja na ndoo ya alizeti zilizobaki, akafunua mbele ya Kadogo, Bibi na Mpambaji aliyekuja na boksi lake.

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena.

"Marehemu alikuwa na umri gani?" aliuliza.

Kadogo alijaribu kujizuia. Mabega yakamtetemeka, akajiziba mdomo kwa mto wa kochi, halafu akaangua kicheko kilichomtoa machozi. Shangazi mwenyewe alicheka, maana angekana vipi? Kitu kilikuwa cha mviringo kama tairi, kina tundu katikati, na maua yote kumi na moja yalikodolea macho dari. Kilichokosekana ni utepe tu.

"Ngojeni," akasema, akavuta ndoo.

Zilizobaki alizifunga pamoja kwa kamba. Bibi akauliza kama hilo ni la kufagilia kanisa. Akafungua, akazipanga upya zimetanuka. Bibi akasema sasa afadhali, joto likizidi watalipepea. Mpambaji hakucheka hata kidogo, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Alifungua boksi polepole. Ndani yake mawaridi meupe yalikuwa yamejipanga kama yaliyochorwa kwa rula.

"Limenyooka," alikiri Bibi. "Linaonekana limesoma."

Shangazi akasema anakwenda kunawa mikono. Ilikuwa kweli pia, kwa sababu mashina ya alizeti yana vinyweleo vinavyowasha. Jikoni alifungua bomba, akaacha maji yapite juu ya vidole. "Kuchekwa nimechekwa vya kutosha," alimwambia Mungu. "Sasa nisaidie."

Aliyeingia alikuwa Kadogo, ameshika alizeti moja.

"Shangazi, umekasirika?"

"Sijakasirika, mwanangu. Ni hii mikono. Ikishaona waya inakwenda makaburini yenyewe, kama punda anayejua njia ya kwao."

"Unajua kwa nini nilitaka alizeti?"

"Unapenda vya kukaanga."

"Shangazi!" Kadogo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilipokuwa nasoma shule ya msingi nilikuwa nakungoja chini ya meza yako, unakumbuka? Nilijifunza maua kwa misiba. Waridi jeupe, mama wa watu. Yungiyungi, mzee. Vile viua vidogo vidogo, mtoto. Miaka yote ile sikuona hata mtu mmoja aliyekuja analia akataka alizeti. Ndilo ua pekee ambalo halijalia pale mezani. Nikasema, nikiolewa, Shangazi atanifungia hilo. Likinishinda nguvu, basi nitalikumbatia."

Shangazi akatazama mkono wa binti. Kadogo alikuwa amelishika shina mbele ya tumbo kama mtoto aliyeshika mshumaa, bila kufikiri. Ua lilikuwa limeinama mbele kidogo tu, kama linamwamkia mtu mlangoni. Hakuna aliyelipinda. Ni mkono uliolikalisha hivyo.

"Usisogee," alisema.

Alikwenda sebuleni, akarudi na ndoo. Akachukua shina la pili, akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa mshazari. La tatu likapita juu ya la pili. Ndipo akaelewa kilichokuwa kikimkwamisha. Shada analolijua yeye linaanzia kwenye waya na linakwisha likiwa limelazwa. Hakuna pahali pa mkono. Hili lilitaka kuanzia mkononi.

"Usikaze hivyo, hujashika usukani. Na usilegeze. Shika kama umemshika kuku usiyetaka akimbie wala afe."

Walirudi sebuleni na alizeti saba. Bibi alinyamaza, na kwa Bibi hiyo ilikuwa hotuba.

"Linapendeza," alisema Mpambaji, na alimaanisha. "Lakini akiachia?"

Kadogo akalegeza vidole. Maua yakatawanyika kila moja na njia yake.

"Basi nitalifunga likiwa mkononi mwake," alisema Shangazi. "Jumamosi asubuhi, akiwa amesimama na gauni lake."

"Kwa nini si kesho?"

"Likifungwa kesho, Jumamosi shingo zimelegea. Na kesho huyu anashinda saluni."

"Dada, gari linafika saa tatu. Na ukikosea?"

Shangazi akaanza kuokota maua. "Boksi lako lipo."

Jumamosi, saa mbili na nusu, Kadogo alisimama katikati ya chumba, gauni jeupe limefunikwa kwa shuka kuukuu ili utomvu usilidondokee. Alizeti zilizonunuliwa alfajiri zilikuwa kwenye ndoo, Bibi kitandani, Mpambaji kwenye kiti, boksi magotini, kamba yake imeshafunguliwa. Shangazi akafumba macho, midomo ikicheza.

"Omba fupi," Bibi alinong'ona. "Dereva hajaokoka."

Ya kwanza ikakaa. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mikono ya Shangazi ilisita, ikaulizana, ikaendelea. Ya saba, alipokuwa akiigeuza, ikalia *tak*. Kichwa kikakatika, kikaviringika sakafuni mpaka chini ya kitanda. Wote walikisindikiza kwa macho. Nje gari likapiga honi.

"Shangazi, vidole vinakufa ganzi."

"Usiachie. Kwa jina la Mungu, usiachie."

Akapachika nyingine pale pengo lilipobaki, lakini alikuwa amesimama ubavuni na hakuona mbele. Mikono ikaanza kuteleza kuelekea inakokujua, ikizungusha, ikitafuta duara. Aliiona ikifanya hivyo, akaogopa. Honi ikalia tena, ndefu.

Mpambaji alitazama saa. Alilitazama boksi lake. Kisha akaliweka chini, akapandisha gauni lake la kubana na kupiga magoti kwenye zulia mbele ya Kadogo, kichwa amekiinamisha upande, kama aliyeketi benchi la kwanza.

"Kushoto kwako, dada. Hapo pana tundu. Si hiyo, hiyo kubwa inamficha! Ile changa. Ndiyo. Igeuze inione mimi. Bado. Bado... Hapo! Hapo hapo, ukiigusa tena tutagombana."

"Kumbe unajua."

"Ninajua ya nailoni. Yangu hayageuki. Haya yana kichwa kigumu kama wenyewe."

"Nailoni?" alisema Bibi. "Si ulisema hariri?"

"Mama, leo ni siku ya furaha," alisema Mpambaji, bila kuondoa macho kwenye maua. "Ile ya kulia, dada, ishushe kidogo."

Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Shangazi akazungusha utepe juu ya vidole vya Kadogo, kisha akavitoa kimoja kimoja kama anayemvua mtoto aliyelala, akikaza nyuma ya kila kidole kilichotoka. Akafunga fundo.

"Achia."

Kadogo alifumba macho, akaachia. Shangazi akalishika kwa vidole viwili, akilisubiri litawanyike. Halikutawanyika. Kadogo alipolishika tena, mkono uliingia mahali pake wenyewe, na maua yote yakatazama mbele, yameinama kidogo, yakiamkia.

Bibi akavua miwani yake.

"Mke mwenzangu," alisema, na sauti haikuwa imara sana, "leo ndiyo nimeona wivu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Shuka likavutwa, gauni likakunjuliwa, Bibi akaingizwa garini akiuliza mume wake yuko wapi, mlango ukafungwa. Shangazi alibaki katikati ya chumba, mkasi mkononi, majani yamemjaa miguuni.

"Dada," alisema Mpambaji, "na wewe unakwenda na aproni?"

Shangazi akajitazama. Aproni ya kazini, ndala, na utomvu hadi kwenye viwiko.

"Gari la pili linatungoja sisi. Liko wapi gauni lako? Leta. Inua mikono."

Alikuwa ameingiza mkono mmoja, kichwa ndiyo kwanza kinatokeza, alipoona dirishani gari la Kadogo likipita polepole barabarani. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Kadogo alikuwa ameyatoa maua nje kidogo yasibanwe na gauni. Kwenye kona fundi viatu aliinua uso kutoka kwenye kazi yake.

Shangazi alijua watu hufanya nini maua yake yanapopita. Huvua kofia, hutazama chini, husimama mpaka yapite. Alisubiri, bila kujua kwamba anasubiri.

Fundi viatu alisimama juu ya kigoda chake, akapunga kiatu cha mtu kwa nguvu zake zote. "Bibi harusiii!" akapaza sauti. "Yaani barabara nzima imechanua! Hongera!"

Na Kadogo, ambaye nusu saa iliyopita hakuwa na hisia vidoleni, alitoa mkono wote nje akampungia fundi viatu kwa yale yale maua, juu, chini, juu, chini.

"Usiyatikise!" Shangazi alipiga kelele dirishani, machozi yakimshuka mpaka mdomoni. "Kadogo! Shingo! Utayavunja shingo!"

"Hakusikii," alisema Mpambaji nyuma yake, akivuta zipu. "Simama wima, dada. Vuta pumzi. Na acha kulia, utalowesha gauni."