Wauzaji Wanne wa Karakana Yangu

Nyumba yangu haijawahi kukosa wageni, na mgeni wa kwanza kufika kila Jumapili ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mtaani anaitwa Bwana Bima, kwa kuwa ni wakala wa bima na mdomo wake haupoi. Jumapili moja akaja na mkataba wa fidia ya wafanyakazi.

"Shemeji, tia sahihi hapa. Fundi akiumia kazini, kampuni inamtibu na kumlipa. Wewe kula, lala."

"Ngoja nisome kwanza."

"Usome nini na mimi nipo? Au huniamini?"

Sebule nzima ikanigeukia. Nikaona haya, nikatia sahihi.

Kesho yake niliwatangazia mafundi wangu wanne wa samani kwamba sasa wana bima. Fundi mkuu tunamwita Milimita, maana hakati ubao mpaka aupime mara tatu. Akasema, "Mama, leo hata msumeno utanipigia saluti." Tulicheka mpaka vumbi la mbao likatupalia.

Miezi mitano baadaye, ubao wenye fundo ulikwama kwenye msumeno wa mashine, ukaruka na kuuvuta mkono wa Milimita. Vidole viwili vikaenda.

Nilikimbilia ofisi ya bima kifua mbele. Dada wa mapokezi akafungua faili langu, akakunja uso.

"Mama, hapa umewakatia bima wauzaji wanne. Watu wa kukaa dukani na kuandika oda. Fundi wa mashine simwoni."

"Wauzaji? Mimi duka lenyewe sina!"

"Muuzaji ada yake ni ndogo, fundi wa mashine ni kubwa. Sahihi hii si yako?"

Ilikuwa yangu.

Nikamwita shemeji. Akaja na mdogo wangu, akakalia kiti kile kile anachokaliaga, miguu kaitandaza.

"Nilikuwa nakusaidia, shemeji. Ungeona ada ya mafundi ungekimbia, nami nikose mteja."

"Ningelalamika, halafu ningelipa!"

Mdogo wangu akadakia, "Dada, usimfokee. Mbona alivyokutajia ada ulichekelea?"

Kumbe naye alijua. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo: nilichekelea kweli, sikuuliza kwa nini ada ni ndogo hivyo.

Shemeji akashusha sauti. "Bado inatengenezeka. Milimita aseme yeye ni muuzaji, alikuwa anapita tu karibu na mashine. Watalipa."

Natamani niseme nilimfukuza. Wapi! Nilibeba fomu ya kudai fidia mpaka hospitali.

Milimita alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umefungwa bandeji kama mkate.

"Kwa hiyo, mama, miaka kumi na moja yote nimekuwa nauza?"

"Ni maneno ya kwenye fomu tu, baba."

"Siku ile uliposema tuna bima, ulikuwa umeisoma?"

Nikatazama sakafu. "Hapana."

Akageukia ukutani. "Andika unachotaka. Shemeji yako hanijui, simlaumu. Wewe unanijua."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, fomu mapajani. Nikiandika muuzaji, kampuni inalipa. Nikiandika ukweli, kampuni inajitoa, na matibabu yake, mshahara wake wa kukaa bila kazi, vyote vinaniangukia mimi, hata ikibidi mashine ziuzwe. Penye kazi nikaandika: fundi wa msumeno. Penye maelezo nikaandika kila kitu, hata jinsi shemeji alivyowageuza mafundi wangu kuwa wauzaji.

Kisha nikamsomea fomu yote, mstari kwa mstari, hadi yale maandishi madogo ya chini. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza. Yeye hakugeuka.

"Umesikia, baba? Nimeandika fundi."

"Nimesikia," aliuambia ukuta. "Iache hapo mezani. Nitaisoma mwenyewe."