Nyumba ya Mama Kwenye Dirisha Jeusi

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye sote tunamwita Kitinda, hajui kushona hata kifungo. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hilo huniuma. Lakini mpe kompyuta na lile dirisha lake jeusi, lisilo na picha wala kitufe, atakaa akiandika amri moja moja mpaka chai ipoe na kuota utando. Kazi yake ni kutuma mikataba kwenye blokcheni. Alinieleza kwamba hayo ni maandishi yanayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, kwa hiyo ukishayatuma huyafuti kwa sababu tu umeamka na hasira. Nikamwambia, basi hiyo ndiyo dawa ya Kaka.

Kaka yetu mkubwa ni mchomelea vyuma, na akishapata wazo halimtoki. Safari hii alitaka nyumba ya Mama iuzwe. Paa linavuja, ngazi zinamchosha, ahamie karibu naye. Mimi nikasema haiuzwi ng'o! Mama amezeekea mle, ana kiti chake dirishani na majirani wa kugombana nao. Hati ina majina yetu watatu, ndivyo Baba alivyotuachia, na tulijuana: Kaka akimpata mnunuzi atatusukuma hadi tuchoke. Tukakubaliana hati ikae kwa wakili, na asiitoe mpaka mkataba wa Kitinda uonyeshe kwamba kila aliyemo amebonyeza "kubali".

Tuliutuma tukiwa sebuleni kwa Mama. Mwenyewe akatuletea chai, akauliza tunafanya nini na makelele yote yale.

"Mambo ya kompyuta tu, Mama," nikamjibu, naye akarudi jikoni.

Kitinda alikuwa amepanga akaunti zetu kwenye faili, na ya kwake ameiweka juu kabisa. Sikuvumilia.

"We mtoto, tangu lini mdogo akamtangulia kaka yake? Hebu jitoe hapo."

"Dada, hii ni kompyuta, siyo harusi."

"Hata kama!"

Akacheka, akampandisha Kaka juu, mimi nikafuata, yeye chini. Akaandika amri ya kutuma, herufi zikakimbia, na mkataba ukafika. Kisha akatuwekea kila mmoja ufunguo wake kwenye simu, akafuta nakala zote zilizobaki kwake, maana hataki mtu aje kusema alitushikia funguo. Kaka aliitazama simu yake kwa muda, akaitia mfukoni, akaaga bila kumaliza chai.

Siku chache baadaye Kitinda alikuja kwenye chumba changu cha kushonea amalizie kazi. Nilikuwa napiga pasi sketi za wateja, yeye akakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Ilibaki amri moja, alisema. Aliyetuma mkataba ndiye anayehesabiwa mmiliki wake, na mmiliki anaweza kuongeza watu au kuwatoa. Sasa angeachia umiliki wake, mkataba ubaki bila bwana.

Akaandika. Dirisha likajibu kwa maandishi mekundu. Akaandika tena, taratibu zaidi, kana kwamba kompyuta haikumsikia vizuri.

"Linasemaje?" nikauliza.

"Linasema mimi si mmiliki."

Akauliza mmiliki ni nani. Ikatokea akaunti ya Kaka.

Usipoiambia programu ya lile dirisha nani anatuma, hutumia akaunti ya kwanza kwenye orodha. Siku zote ya kwanza huwa ya Kitinda, kwa hiyo hakukumbuka kuitaja. Nami ndiye niliyemshusha kwa heshima na adabu, nikampandisha Kaka. Nyumba ya Mama tulikuwa tumemkabidhi mtu yuleyule tuliyekuwa tunamfungia mlango. Nilisahau pasi juu ya sketi mpaka nikasikia harufu.

"Usimwambie," nikasema. "Asiyejua ana kisu hachinji."

"Huo msemo umeutoa wapi?"

"Nimeutunga sasa hivi. Usimwambie!"

Lakini Kitinda alikuwa ameshaomba kumbukumbu za mkataba. Akasogeza uso karibu na dirisha, akasoma mara mbili. Mmiliki alikuwa ameutumia uwezo wake mara moja, siku iliyofuata tu. Hakutoa mtu. Aliongeza mmoja, akamweka wa kwanza, juu yake yeye mwenyewe. Sasa tulikuwa wanne, na huyo wa nne ni namba tupu ya akaunti, hatumjui.

"Mnunuzi," nikasema. "Amemwingiza mnunuzi ndani ya nyumba ya Mama!"

Nikampigia Kaka simu, na niliyoyasema wateja wangu hawajawahi kuyasikia kwangu. Hakujibu lolote ila "Nakuja." Alipofika, miwani ya kuchomelea ilikuwa bado kichwani na mikono myeusi tii. Kitinda akamgeuzia kompyuta.

"Kaka, huyu wa juu ni nani?"

Kaka akainama, akasoma, akatutazama kama watu waliopotea njia ya kwao.

"Si ndiye Mama huyo?"

Kitinda akainama kuisoma tena ile namba.

"Simu iliniambia mimi ni mmiliki, naweza kuongeza mtu," akaendelea. "Nikajua mmekosea, maana nyie wawili hamwezi kuniachia hata ufunguo wa choo. Nikaangalia orodha. Mimi nipo, nyie mpo, mwenye nyumba hayupo. Wifi yenu anauza simu, akampa Mama moja na kumwekea ufunguo wake. Nikamweka juu. Nyie si ndio mliosema mkubwa anatangulia?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilimpigania Mama kwa mdomo wote niliojaliwa, na sikuwahi kumuuliza anataka nini. Alipotuuliza yeye, nilimrudisha jikoni.

"Lakini bado unataka iuzwe," nikasema, angalau nibaki na kitu cha kugombania.

"Nataka, ndiyo. Paa linavuja. Asubuhi nimeweka ombi la kuuza kwenye mkataba, nimuulize vizuri. Hajajibu. Nadhani hajui pa kubonyeza."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akampa Kitinda simu yake ili aachie umiliki. Kitinda akamwongoza, Kaka akabonyeza kwa kidole kimoja kilichojaa masizi. Safari hii dirisha halikuandika chochote chekundu. Mkataba ulikuwa umebaki bila bwana, ukiwa na watu wanne. Ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa Mama.

"Hiki kitu alichoniletea mkwe wangu kinaniuliza nyumba iuzwe au isiuzwe," alisema. "Kumbe kuna siku nitaulizwa! Nimebonyeza 'kataa'. Kimekubali?"

Kitinda akaandika amri yake. Tukainama wote watatu juu ya meza ya kukatia, vichwa vikigongana.

"Kimekubali, Mama," nikasema.

Kaka akashusha pumzi ndefu, akavuta futi yangu ya kupimia mezani, akaitia mfukoni.

"Haya, inukeni," akasema. "Twendeni tukapime hilo paa."