Sokata ya Pompiliu

Mimi nimezika waume wawili, na kwa ninavyowakumbuka, yeyote kati yao akipata maji ya kisima huko aliko, na ashukuru. Jirani yangu Glikeria alizika mmoja tu, Pompiliu, na Juni ile alikuwa tayari kugombana na mbingu ili mtu wake anywe kinywaji anachokitaka.

Huku kwetu, mkoa wa Oltenia, Jumamosi ya kabla ya Pentekoste kila nyumba husimama langoni na vikombe vipya. Unafunga kitawi cha cheri kwenye mkono wa kikombe, unawasha mshumaa, unampa jirani anywe kwa ajili ya marehemu wako. Anachokunywa jirani ndicho anachokunywa marehemu. Ukitoa divai, marehemu kanywa divai, hakuna mjadala. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana Pompiliu alikuwa mlevi wa kutupwa mpaka binti yao alipozaliwa. Siku hiyohiyo akaacha. Tangu hapo hakugusa kitu ila sokata ya mkewe: maua meupe ya mti wa msoku, ndimu, sukari na maji, vinakaa kwenye mtungi wa kioo juani mpaka vinachemka vyenyewe bila moto na kuwasha pua. Februari, alipokuwa anaaga dunia, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Keri, usiwaache wanipe divai. Nitaanza upya."

Sisi wenye marehemu wasio na masharti tulinunua divai, tukatulia.

Sokata ina maringo yake. Hamira yake ni ule unga wa njano ulio juu ya ua lenyewe. Mvua ikiuosha, utapata maji matamu yanayonukia, yamelala kama maji ya mtaroni. Ndiyo maana tunachuma adhuhuri, ua likiwa kavu, jua likiwa utosini. Sasa redio ikatangaza mvua wiki nzima, na maua kwenye msoku wa Glikeria hayajafunguka bado.

Nilichungulia uani kwake nikamkuta juu ya ngazi, anafunga miavuli kwenye matawi kwa kamba.

"We Glikeria! Siku hizi miti nayo inakwenda kanisani?"

"Inakwenda. Wewe ndiye huendi."

"Na huyo mwenye mwavuli mwekundu ndiye bibi harusi?"

"Frosina, shika ngazi au shika mdomo. Ukiweza vyote viwili, nitashukuru zaidi."

Nikashika ngazi. Mdomo ulinishinda.

Mvua ikaja na upepo wake, mwavuli mwekundu ukang'oka ukatua kwenye kabichi zangu. Nilipoupeleka kumrudishia, Glikeria alikuwa keshachukua wa kwendea sokoni, amesimama chini ya mti kaunyoosha juu ya tawi, yeye mwenyewe anatiririka maji toka kitambaa cha kichwani hadi viatuni. Watu waliotoka dukani walipunguza mwendo wapate kuangalia vizuri. Wengine walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda kumletea kiti.

Maua yakafunguka Jumatano. Aliyakata makavu, akayabeba ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku. Binti yake, Melania, alikuwa amefika kutoka mjini Craiova asubuhi hiyo. Akaona vidudu vyeusi vinatembea juu ya maua, akayatia kwenye beseni, huyo mpaka bombani. Glikeria alipiga ukelele hata mbwa wangu akaingia kibandani kwake.

"Mama, yana wadudu!"

"Wadudu wana miguu, watashuka wenyewe! Weka chini!"

Likawekwa chini.

Basi mtungi ukajazwa, lakini wa kuuamsha nani? Sokata hutaka jua, na jua lilikuwa limehama nchi. Alhamisi maji yakawa yametulia tuli. Padri wetu, Baba Kasian, akapita na viatu vyake vya mpira akamwambia kwa upole, "Mama Glikeria, Mungu huangalia moyo. Divai kidogo si dhambi."

"Kwa Mungu sawa, Baba. Na kwa Pompiliu?"



Nami nikamletea hamira ya mkate ndani ya karatasi. "Tia kidogo tu, nani atajua?"

"Itanuka bia. Unataka nimrudishe baa mimi mwenyewe?"

Ndipo akawasha jiko la chumbani, mwezi wa Juni, akauvika mtungi koti la marehemu la ngozi ya kondoo, akaulaza kitandani upande wa Pompiliu na chupa za maji ya moto pembeni. Ijumaa nikampelekea supu, nikamkuta kalala kando yake na nguo zake zote, mkono juu ya koti.

"Heri yako, umepata mume asiyekoroma."

"Nyamaza. Nasikiliza." Sikio lake lilikuwa kwenye kioo.

"Enhe?"

"Kimya. Lakini Pompiliu naye alikuwa mzito wa kuamka."

Nilikuwa na jibu mdomoni, zuri sana, nikalimeza. Mimi waume zangu walipokuwa hai sikuwahi kuwapashia hata soksi, na huyu anampashia mtu kinywaji hata kaburini. Nikaiacha supu juu ya jiko nikatoka taratibu.

Jumamosi tukajaa langoni kwake. Vikombe vimepangwa, cheri zinaning'inia, na Melania ameshafungua divai akaiweka nyuma ya mlango, kwa tahadhari. Glikeria akatoka na mtungi kifuani, macho mekundu. Akamimina. Baba Kasian akanyoosha mkono, Glikeria hakumpa. Akampita. Akampita na binti yake. Akasimama mbele yangu na kikombe na mshumaa unaowaka.

"Kunywa wewe."

"Kwani hujaonja?"

"Nimeonja. Lakini naitaka mno, siuamini ulimi wangu. Na hawa wote watanihurumia. Wewe hujanihurumia tangu tukiwa shule."

Nikapokea. Nikasema tunavyosema, Mungu amrehemu marehemu wako. Na nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri kabisa, wa kwanza wa huruma maishani mwangu.

Nikanywa. Ikanichoma ulimi, ikapanda puani, ikanitoa machozi, na kabla sijafunga mdomo nikabeua mbele ya padri, kwa nguvu hata mshumaa ukazimika.

Watu wakaangua kicheko. Glikeria hakucheka. Alinikazia macho.

"Frosina. Ni yenyewe?"

"Washa mshumaa, shoga," nikamwambia, nikamnyooshea kikombe. "Anadai kingine."

Akakaa kwenye ngazi za nyumba yake na mtungi mapajani, akacheka mpaka akalia. Melania akaichukua divai akairudisha ndani, kisha akaja kumimina kwa niaba ya mama yake, maana mikono ya Glikeria haikuwa na kazi tena siku hiyo.