Mtazamaji wa Tatu

Siku ya kwanza Walburga alipojirekodi kwa simu, alisema neno moja tu, kisha akanyamaza.

"Shikamooni."

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye karai lililogeuzwa, mbele ya kichanja cha kuanikia usipa, wale dagaa wembamba wa Ziwa Nyasa. Yeye alichuchumaa nyuma ya kichanja ili uso usionekane, ikabaki mikono tu. Alinyamaza kwa muda ule ule ambao mtu mzima huuchukua kugeuza shingo, kukutazama na kuitikia. Ndipo akaendelea kwa sauti ndogo, "Naitwa Walburga. Hawa ni usipa wa Liuli. Nimewaanika mimi."

Binamu yake Edina, aliyekuwa amelishika karai lisitikisike, alisonya.

"Hapo katikati umesahau maneno?"

"Sijasahau. Nimesubiri waitikie."

"Nani waitikie?"

"Wanaotazama."

Edina alicheka mpaka akakaa mchangani. "We Wabu! Hiyo ni simu, mwenzangu. Humo ndani hamna mtu."

"Sasa kama hamna mtu, unaniambia niongee na nani?"

Edina aliinuka akijikung'uta mchanga. Alikuwa fundi cherehani, na mwezi uliopita alikuwa amepanda milimani Mbinga kwenye semina ya siku mbili ya kufanya biashara mtandaoni. Alirudi na daftari lililojaa kanuni, na tangu hapo alilibeba kila alikokwenda kama mzee wa kanisa na kitabu chake cha nyimbo. Alilifungua.

"Mwalimu alisema sekunde tatu za kwanza ndizo zinazomkamata mtu. Wewe zote tatu umezila kwa salamu, ukaongeza na nne za kimya. Nitakukatia hapo."

"Usikate."

"Na huenda hao unaowaamkia ni wadogo kwako."

"Nitajuaje? Heri kumpa mdogo shikamoo kuliko kumnyima mkubwa."

Kwa msichana asiyekuwa na maneno mengi, hiyo ilikuwa hotuba. Edina akaachia video iende hivyo hivyo, na kimya chake.

Walburga hakuingia mtandaoni kwa kupenda kuonekana. Jikoni kwa mama yake, juu ya dari la miti, kulikuwa na viroba saba vya usipa wakavu visivyo na mnunuzi. Zamani Othmar, mchuuzi wa Mbinga, alikuwa akishuka kila wiki kununua. Lakini akina mama wengi wa ufukweni huanika mchangani, na Othmar alikuwa akichanganya usipa wa watu wote pamoja. Watu wa milimani wakamlalamikia kwamba wanatafuna mchanga. Siku moja akatangaza ufukweni kwamba usipa wa Liuli basi, atanunua kwingine, na hakuonekana tena.

Usipa wa Walburga hawakuwahi kugusa mchanga. Mwaka uliopita mama yake, Mama Ida, aliuza mbuzi jike ili zinunuliwe nguzo na wavu wa kutengenezea kichanja. Tangu alipoacha shule darasa la tano ili amuuguze baba yake, Walburga hakuwahi kuwa na kitu ambacho watu walikiita "cha Walburga" mpaka siku kichanja kile kiliposimama. Sasa ilikuwa Novemba. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima, na mvua ikianza, usipa waliokaa bila mnunuzi hushika ukungu. Mama Ida alikuwa amesema mara moja, bila hasira, akikoleza moto:

"Mvua ikivikuta viroba vile humu ndani, nguzo za kichanja nitazipikia."

Jioni Edina alimwonyesha namba ndogo chini ya video: tatu.

"Watu watatu wameitazama. Mmoja ni wewe. Mmoja ni mimi."

"Wa tatu ni nani?"

"Nitajuaje? Mtu tu."

Edina alifunga simu, lakini Walburga alilibeba swali lile mpaka nyumbani. Wa tatu ni nani? Yuko wapi? Amekaa au amesimama? Alipofika mahali pa kimya, alifanya nini? Ilimshangaza kwamba mtu asiyemjua ameitazama mikono yake, tena pengine amejua kwamba kidole cha kati kina kovu la ndoana.

Kesho yake aliazima simu tena, akarekodi tena. Shikamooni. Kimya. Usipa. Namba ikawa nne, na chini ya video kukawa na neno. Walburga alilisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa zamani.

"Ma-ra-ha-ba."

Akalisoma tena. Halafu akaangalia nyuma yake, kana kwamba aliyeitikia amesimama mlangoni.

"Umeona?" alimwambia Edina. "Humo ndani mna mtu."

Edina naye hakukubali kushindwa na mtu mmoja. Alipaka midomo rangi, akafunga kilemba cha manjano, akasimama mbele ya kichanja cha binamu yake na muziki juu. "Mambo vipi wapendwa! Usipa mtamu, usipa wa ukweli! Nifuateni, nifuateni!" Kufikia saa sita mchana alikuwa na watazamaji mia mbili na arobaini. Walikaa wote wawili kwenye mkeka kusoma maoni, Edina akisoma kwa sauti.

"'Dada umependeza.' 'Dada umeolewa?' 'Kilemba hicho umenunua wapi?'" Alipangusa chini. "'Huyo wa nyuma anayejificha ni nani?'"

"Hakuna aliyeuliza usipa?"

Edina akapangusa tena mpaka mwisho. "Kuna mmoja hapa... hapana, anauliza kilemba."

Wiki nzima ikaenda hivyo. Edina alipata oda mbili za vilemba. Walburga alipata marahaba moja kila siku, kutoka kwa akaunti ile ile iliyokuwa na picha ya kikombe badala ya uso. Haikuandika kingine. Walburga alianza kuamka na hamu ya ajabu. Alikuwa akigeuza usipa juani huku akiwaza: leo ataitikia saa ngapi? Ni mwanamume au mwanamke? Kwa nini anaitikia tu na hasemi? Siku moja alirekodi bila kutaja bei wala chochote, alisalimu tu na kunyamaza, aone. Marahaba ikaja.

Siku ya nane maneno yaliongezeka. Edina alimsomea haraka, Walburga akaichukua simu na kujisomea tena polepole, asikose kitu.

"Marahaba. Bibi anauliza, unaanika mchangani au kwenye kichanja?"

"Bibi!" alisema Walburga. "Ni bibi!"

Alirekodi jibu saa ile ile. Alizungusha simu kichanja kizima: nguzo, wavu, na mchanga ulioko chini kabisa, mbali na samaki. Edina alisifu, akasema hii ndiyo video, hata semina ingeikubali. Jibu lilikuja kabla hawajamaliza kunywa uji.

"Bibi haoni. Anataka asikie."

Wakatazamana.

"Asikie nini?" alisema Edina. "Asikie kichanja?"

"Asikie kwamba hakuna mchanga."

"Wabu, kitu ambacho hakipo kinasikikaje?"

Swali lile ndilo lililomfanya Walburga aunguze ugali siku ile. Alilizungusha kichwani akichota maji, akalizungusha tena akifua. Kumwambia tu "hakuna mchanga" haikutosha. Hata Othmar aliambiwa hivyo na kila mtu. Kesho yake asubuhi alichukua usipa wake wabichi viganja viwili, akawaanika mchangani peke yao. Edina alishtuka.

"Si ungeomba kwa jirani? Wapo tele hapo."

"Halafu nimwaibishe mtandaoni? Hapana. Wa kuaibika wawe wangu."

Walipokauka vizuri siku ya pili, alichukua sinia la bati la mama yake, akaweka simu karibu kabisa. Akasalimu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Bibi, hawa niliwaanika mchangani kwa makusudi." Aliwamwaga kwenye sinia, wakalia kacha-kacha. Akawatoa wote kwa mkono, akainamisha sinia sikioni mwa simu. Mchanga uliobaki ukateleza juu ya bati: shwaaa.

"Na hawa ni wa kichanja."

Kacha-kacha. Akawatoa. Akainamisha sinia.

Kimya.

Aliliacha sinia limeinama kwa muda wa marahaba moja, kuku mmoja akasikika mbali, basi. Edina, aliyekuwa na kidole juu ya kitufe cha muziki, alikishusha mwenyewe.

Video ikaondoka. Jibu halikuja siku ile. Wala kesho yake. Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa milima, na Mama Ida akapanda kwenye dari, akaingiza mkono katika kiroba kimoja, akanusa kiganja.

"Ladislaus anapita Jumamosi," alisema akishuka. Ladislaus alikuwa mnunuzi wa usipa wa kusaga chakula cha kuku. "Hachagui, anachukua vyote. Nimemwambia aje."

"Mama, wa kuku?"

"Ukungu nao utakununulia nini? Mwanangu, nimengoja. Umemngoja huyo bibi wako wa ndani ya simu, nami nimekungoja wewe."

Walburga alitoka nje kwenye kichanja chake. Alijua akina mama wa ufukweni watasema: kichanja cha mbuzi mzima, mwisho wake kuku.

Ijumaa alasiri alikuwa anakunja wavu wakati Edina alipokuja mbio akiwa amenyoosha simu mbele kama kitu kinachounguza. Ilikuwa inaita. Picha ilikuwa ya kikombe.

"Pokea wewe," alisema Walburga.

"Si mimi wanayemtaka!"

"Edina, mimi siwezi kuongea na mtu nisiyemwona."

"Wiki mbili umekuwa ukifanya nini?"

Simu iliita, ikaita. Walburga alifuta mikono kwenye khanga, akaichukua, akaiweka sikioni.

"Shikamoo."

Safari hii hakuhitaji kungoja.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba kabisa. Hebu sema tena nikusikie bila ile mitambo."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto una adabu. Kila siku unanisalimia halafu unaningoja. Hawa wengine wa simuni wanapita wanapiga kelele tu, hata hujui wanakimbizwa na nini."

Sauti nyingine, ya kijana wa kike, iliingia. "Dada, samahani. Mimi naitwa Glorious, nina mgahawa hapa Mbinga karibu na stendi. Bibi Scholastica hukaa nami humu ndani. Siku ya kwanza ulipotokea nilitaka kukupita, bibi akaitikia 'marahaba' kwa sauti, akidhani umeingia mlangoni. Ulipotokea tena kesho yake, akaniambia nikujibu, mtoto asingoje bure. Mimi mwenyewe naona aibu, dada, pengine ni mdogo kwako, nakula shikamoo zako kila siku."

Walburga alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe.

"Lete simu," bibi alisema huko. Akaanza kuongea Kinyasa, Kinyasa cha zamani cha Mbaha, kijiji cha kando ya ziwa alikozaliwa kabla hajaolewa milimani, na Walburga akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, aibu yote imepotea. Edina alisogeza sikio. Bibi alisema amebakiwa na meno manne, na mwaka huu mchanga wa wachuuzi umetaka kuyamaliza. Alisema alikisikiliza kile kimya cha sinia mara tatu. Mara ya nne aliwaita wanawake wanaouza sokoni waje wakisikilize, ndiyo maana siku mbili zimepita.

"Wawili wanataka," alisema Glorious aliporudi kwenye simu. "Na mimi. Tuma kwanza viroba viwili kwa basi, bibi ajaribu. Akiridhika yeye, vitano vilivyobaki tunavichukua."

"Bibi asiporidhika?"

Bibi alikuwa amesikia. "Basi nitakupigia nikugombeze. Lakini bado utanisalimia."

Jumamosi asubuhi Ladislaus alifika na mizani begani. Mama Ida alikuwa mlangoni, viroba viwili vimeshonwa miguuni pake, vikingoja gari la kupitia Mbamba Bay kwenda Mbinga, na vitano bado darini. Mawingu yalikuwa yamejaa. Alivitazama viroba, akamtazama binti yake, akatazama mbinguni.

"Shemeji, utanisamehe," alimwambia Ladislaus. "Nilikuita mapema. Hawa wana mtu wao."

"Nani huyo?"

Mama Ida alifikiri kidogo. "Ana meno manne," alisema.

Ladislaus aliondoka akitikisa kichwa. Walburga aliegemeza simu ya Edina kwenye karai, akachuchumaa nyuma ya kichanja kitupu. Alitaka kumwonyesha mtu yeyote aliyeko huko namna ya kufunga wavu kabla ya mvua.

"Shikamooni," alisema, akanyamaza.

"Marahaba," aliitikia Mama Ida kutoka jikoni, bila kugeuka.

"Mama!" Edina alipiga kelele. "Umeingia kwenye video! Wabu, hapo nikate?"

"Acha," alisema Walburga.