Kibao cha Rhapta

Nalala kazini, mchana kweupe, nimevua miwani na kichwa nimekilaza juu ya kibao cha maelezo ninachotakiwa kukikabidhi saa tisa, na wala sioni haya, maana kazi yenyewe ni ya kipuuzi. Bwana Zubeiri, mkuu wetu hapa makumbusho, ameniambia, Bi Rukaiya, watu wanataka kujua maana ya Rhapta, waandikie mistari miwili, yatosha. Nimeandika: Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, haijulikani ilikuwa wapi hasa, jina ni la Kigiriki, lenye maana ya vilivyoshonwa, kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa kwa kamba. Mji mzima huo. Mgeni mmoja anashuka, anaona mishono, anaandika, anaondoka zake, na sisi karibu miaka elfu mbili baadaye tunamnakili kama watoto wa darasa la pili. Nafumba macho kwa hasira, na kibao kinafunguka chini ya shavu langu, naingia.

Naingia kwenye barabara isiyo na mwisho, upande huu nyumba, upande ule nyumba zilezile zimegeuzwa kama kwenye kioo, na kila nikikata kona narudi kwenye kona ileile, ila safari hii ukuta umeshonwa, mlango umeshonwa, hata kivuli changu kimepigwa uzi pembeni. Mwanamke ananijia, hana uso, ana shungi tu na sindano mkononi. Namuuliza, mama, huu mji gani? Anasema, huo unaouona. Nasema, sikuja hapa kufumbiwa mafumbo, wenyewe mnauitaje? Anasema, aliyepita hakuuliza. Nasema, huyo namjua na simheshimu, mimi nimeuliza. Anacheka, kicheko kisicho na mdomo. Anasema, tunalo jina letu, moja tu, tukikupa tunabaki bila. Basi tupe lako, tubadilishane. Nalitaka jina hilo, Mungu anajua, miaka kumi na tisa nalitafuta, nikilipata kile kibao nakivunja kwa goti. Lakini langu nilipewa na bibi yangu siku ya saba, mbele ya watu wazima wenye nyuso zao, leo nimpe mtu wa barabarani asiye hata na pua? Namtazama juu mpaka chini. Nasema, kaa nalo, pengine mmelitunga jana. Anachomeka sindano kwenye shungi lake taratibu. Anasema, haya, nenda, na wewe uitwe kinachoonekana.

Naamka, shavu limegandia kibaoni. Navaa miwani. Bwana Zubeiri yuko mlangoni, anasema, Bi Miwani, kibao tayari? Namwambia aache utani, mimi Rukaiya. Anasema, Rukaiya ndiye nani? Hacheki. Nakiinua kitambulisho kinachoning'inia shingoni, nakuta picha yangu, na chini yake, kwa herufi za mashine, Miwani. Labda bado nimelala. Labda ndoto ilikuwa ile nilipokuwa na jina. Bwana Zubeiri anatazama saa. Bi Miwani, tunakusubiri wewe. Kibao hakijabadilika hata herufi moja, mistari ileile miwili, nakifuta vumbi kwa mkono, nakikumbatia kifuani.

Naam, naitika. Nakuja.