Mkono wa Shati

Tarumbeta ya mwanangu ilikaa juu ya kabati langu la nguo, mdomo wake mpana umezibwa kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Nilikuwa naipangusa vumbi kila nikimaliza kufagia, kwa nje tu, kama unavyompangusa jasho mtoto aliyelala. Kile kizibo sikukigusa.

Majirani walimwita mwanangu Mbiu tangu akiwa mchanga, kwa sababu ya kilio chake. Akilia yeye, mtaa mzima unajua kuna jambo. Alipokua akapata bendi ya kupiga harusini, na kifua kikamgeuka palepale alipokitegemea. Siku yake ya mwisho ya kupiga alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye mito. Akavuta pumzi, akauanza ule wimbo wa kuwaingiza maharusi, akafika katikati, pumzi ikamkatikia. Akanipa tarumbeta.

"Shika, mama. Nitamalizia baadaye."

Ilikuwa bado ina joto. Tulipotoka kumzika, nikachukua shati lake la bendi, nikakata mkono mmoja kwa mkasi wangu wa kazi, nikaukunja, nikaushindilia ndani. Anayetaka kucheka na acheke. Shule yangu ya msingi haikunifundisha pumzi hukaa wapi ikishatoka kifuani. Nilijua tu kwamba ya mwanangu imo mle, na sikutaka itoke.

Tena ilikuwa inanisemesha. Alasiri za upepo, mimi niko kwenye cherehani, nilikuwa nausikia ule wimbo ukianza juu ya kabati, kwa chini sana, ukikatika palepale. "Nipo, mwanangu," naitikia, na mguu unaendelea kukanyaga.

Mjukuu wangu, bintiye Mbiu, hakuwa ameota hata jino baba yake alipoondoka. Alipofika umri wa kujibizana nami, shuleni kwao zikaletwa ala za msaada, kreti zima: fidla, filimbi, tarumbeta, nyingine zina mikwaruzo ya watoto wa watu tusiowajua. Ala zilikuja, mifuko haikuja. Nikaitwa nishone. Nikaenda na utepe wangu na chaki, nikazipima kama mabibi harusi: mabega, kiuno, urefu. Nje pazia kuukuu, ndani bitana ya flana, maana shaba haipendi kukwaruzwa.

Ndipo nikamwona mjukuu wangu kwenye foleni. Watoto ni wengi, tarumbeta haba. Mwenzake akimaliza, anaifuta kwa kiganja, anampa. Alipuliza mara moja tu, kengele ikagongwa.

Njiani akaniuliza, "Bibi, ya baba mbona haipigwi?"

"Imelala."

"Tangu lini shaba ikalala? Au umeinywesha dawa?"

"Mdomo wako huo! Babako mtupu."

Akapiga jiwe teke, akalitazama linavyobingirika. "Kila siku babako mtupu, babako mtupu. Nyinyi mlimsikia. Mimi je?"

Tulipofika nyumbani nikavuta kiti mpaka kwenye kabati.

Nikaishusha tarumbeta. Mfuko wake niliushona bila utepe, vipimo vyake navijua kwa viganja. Nikaingiza vidole nikitoe kile kizibo, vidole vikakataa. Asubuhi nikaipeleka shuleni vilevile, nimeikumbatia kama mtu anayepeleka mgonjwa.

Mwalimu wa muziki, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, alivitia mafuta vitufe vyake vilivyoganda, akampa mjukuu wangu. Akapuliza. Ikatoka sauti ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akachungulia.

"Mama, humu kuna nguo."

"Najua."

Kicheko kikajifia chenyewe. Mjukuu wangu akanigeukia. "Ya nani, Bibi?"

"Ya babako."

Akaishusha tarumbeta magotini, akakishika kile kizibo kwa ncha za vidole. Hakuvuta.

"Nitoe?"

Nilitazama dirisha, nikatazama viatu vyangu. Nikamtazama yeye.

"Toa. Polepole."

Mkono wa shati ukatoka umekunjamana, taratibu, mpaka kwenye kifungo cha mwisho. Nilitega sikio. Nilikuwa nangoja sijui nini. Pumzi moja, au niitwe. Hapakuwa na kitu. Nikaunusa ule mkono wa shati: harufu ya shaba tu.

Kisha akapuliza, ikalia kama ndama aliyempoteza mama yake. Watoto wakacheka upya, na mimi nikacheka nao mpaka nikatafuta pa kukaa, maana Mbiu alipoanza kujifunza, jirani alipiga hodi akiuliza tunamchinja nani.

Kile kipande cha shati nilikishona ndani ya mfuko, pale mdomo unapolala. Juu ya kabati pamebaki duara ambalo mbao yake haijapauka.

Siku hizi mjukuu wangu hupigia uani. Wimbo wa maharusi nimemfundisha mimi, kwa kuuimba, na mwisho wake pia. Leo alasiri upepo umevuma. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikausikia ukianza, ukafika katikati, ukapita. Ukaenda taratibu mpaka mwisho.

"Leo umeupatia, mjukuu wangu," nikamwambia kupitia dirishani.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo, mfuko magotini, anahangaika na fundo la kamba.

"Bibi nawe! Hata mfuko sijaufungua."