Jumamosi Bila Jiwe

Jiwe lilipasuka kwa sauti ndogo tu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Mume wangu, Olebile, alizima mashine ya kulainishia kingo akabaki ameinama, viganja vyote viwili juu ya jiwe jeusi, vumbi limemganda kwenye kope. Ufa ulianzia kona ya juu ukateremka mpaka kwenye jina. Ilikuwa Alhamisi mchana. Jumamosi asubuhi watu wa Shoshong wangekusanyika kulifunua jiwe hilo juu ya kaburi la mama mmoja aliyeitwa Gabaitse.

Olebile hakulaani, hakupiga kitu teke. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi zaidi kuliko uso wenyewe.

"Nizimie simu, Mma Kagelelo," akaniambia, akiniita mama wa mtoto wetu kama kawaida yake.

Nilimwelewa. Tulikuwa na karakana yetu pale Mahalapye, karibu na reli, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimkatalia mtu. Anayekuja kununua jiwe la kaburi huja na msiba wake mkononi. Olebile alimvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, marehemu aliugua nini na alisema nini siku ya mwisho, na mtu alipouliza jiwe litakuwa tayari lini, alimtajia siku ambayo mtu huyo alitaka kuisikia. Mara nyingi ilikuwa Ijumaa. Mjini wakambandika jina: Rra Ijumaa, yaani Bwana Ijumaa. Hata buchani walimuuliza, "Rra Ijumaa, ya mwezi gani?" Naye alicheka pamoja nao, kisha akarudi kazini kufukuzana na ahadi zake. Ile iliyomshinda, aliiachia simu iite hadi ichoke. Wenyewe walipokuja, aliketi nyuma ya mawe akizuia kikohozi, kwa maana vumbi lilikuwa limeshamwingia kifuani zamani, na mlangoni nikabaki mimi. Nilichoka, si kwa kubeba mawe. Nilichoshwa na nyuso za wajane.

Mwaka huo halmashauri iliwaita wenye biashara ndogo kwenye semina. Binti mmoja mwenye viatu vizuri alitufundisha kuipanga kazi ya kesho kabla hujafunga mlango leo, kuanza na ile nzito, na kutoahidi kitu ambacho hujakipima. Akatuambia tutabasamu tunapopokea simu, kwa sababu mteja hulisikia tabasamu. Nilikuwa nimekaa kati ya muuza kuku na msusi, nikajiuliza nitamtabasamia vipi mtu aliyezika juzi. Lakini neno lake moja lilinikaa: habari mbaya impate mteja kutoka kinywani mwako, kabla hajaja kuitafuta. Nilipomweleza Olebile, alijibu kwamba binti huyo hajawahi kuuza mawe.

Basi Alhamisi hiyo sikuizima simu. Nilichukua funguo za pikapu.

"Twende Shoshong."

"Tukaseme nini?"

"Kwamba limepasuka."

Alinitazama kama mgonjwa anayemtazama mtu aliyekuja kumpeleka hospitali kwa nguvu. Halafu akasimama. Hakunawa hata uso.

Njiani ng'ombe walikuwa wamesimama barabarani, hawana habari na mtu, nikawa nawasubiri wapite na kushukuru moyoni kwa kila dakika waliyotuchelewesha.

Tulikuta turubai limeshasimamishwa. Wanawake walikuwa wakikata kabichi, na ng'ombe aliyechinjwa alikuwa ananing'inia nyuma ya nyumba. Ndugu kutoka Selebi-Phikwe walikwisha kufika na magodoro yao. Rra Moatlhodi, mume wa marehemu, mzee aliyestaafu kazi za migodini Johannesburg, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa koti safi ingawa joto lilikuwa kali. Kabla ya kutazama nyuso zetu alitazama nyuma ya pikapu. Palikuwa patupu.

Olebile alivua kofia akachuchumaa mbele yake.

"Jiwe limepasuka leo, Rra. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na kazi za watu wengine pembeni, nikalikimbiza. Jumamosi halitakuwepo. Lingine litanichukua mwezi mzima."

Aliyejibu ni binti wa mzee, Boikanyo, kisu cha kabichi mkononi.

"Na ng'ombe je, Rra? Tumwambie arudi zizini?"

Wanawake wawili watatu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Boikanyo aliendelea. Alisema mama yake amelala chini ya udongo mtupu kama mtu asiye na watoto. Alisema watu wameomba ruhusa makazini, nauli zimelipwa, na mchungaji keshapangiwa. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Olebile alibaki amechuchumaa. Nilijua magoti yanamuuma, lakini hakuinuka.

Mwishowe mzee aliinua kidole, binti akanyamaza. Akaniuliza mimi kama tumekula. Nikasema bado. Akaagiza tuletewe uji wa mtama, na tulipomaliza akamgeukia mume wangu.

"Jumamosi mtakuja. Watu hawa sitawaambia mimi."

Tulikwenda. Makaburini, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Boikanyo alikuwa ametandika blanketi la mama yake juu ya tuta la udongo, kama vile shuka linavyofunika jiwe linalongoja kufunuliwa. Mchungaji aliomba, kisha mzee akamwashiria Olebile. Mume wangu alisogea mbele, amevaa koti lake la pekee, akasema maneno yaleyale ya Alhamisi bila kuongeza hata moja. Katikati kikohozi kilimshika. Watu wote wakasubiri kiishe.

Alipomaliza alirudi nyuma. Ndipo shangazi mmoja mzee, aliyejifunika shuka kule nyuma, aliposema, "Huyu angalau tumemwona sura. Aliyechonga jiwe la kaka yangu mpaka leo anajificha."

Kicheko kikapita katikati ya watu, na mchungaji mwenyewe akainamisha uso. Rra Moatlhodi hakucheka. Aliinama, akalivuta blanketi taratibu, akalikunja vizuri, kama kwamba chini yake palikuwa na kitu cha kuonekana. Wanawake walisitasita, kisha mmoja akapiga kigelegele na wengine wakafuata.

Baadaye, tukiwa na sahani za nyama ya kupondwa, mama mmoja alimjia Olebile akitaka jiwe la mwanawe. Aliuliza lini. Niliiona ile siku ya wiki ikimjia midomoni. Akaimeza.

"Sijui bado, Mma. Nipime kwanza. Nitakupigia Jumatatu."

Mama akasema basi aache, Palapye yuko anayemaliza ndani ya wiki. Olebile alimtazama anavyokwenda, lakini hakumwita.

Sitasema biashara ilistawi. Wengi walikwenda Palapye, tukabaki na kazi chache. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine Olebile alikaa na simu akawapigia wanaosubiri, hata wale ambao hakuwa na jipya la kuwaambia. Kikohozi hakikuondoka. Na kuna siku nilimsikia akimwahidi mtu anayelia kitu kisichowezekana, kisha akakaa kitambo kirefu kabla ya kumpigia tena kukitengua.

Mwezi ulipotimia tulipeleka jiwe Shoshong. Rra Moatlhodi hakuwa ameita mtu. Tulikoroga saruji sisi na jirani yake mmoja, tukalisimamisha. Mzee alilifuta jina la mkewe kwa mkono wa koti, herufi baada ya herufi, kisha akatuomba tumwache kidogo.

Jirani akaenda zake. Sisi tukakaa kwenye pikapu. Kupitia kioo nilimwona mzee akijishusha polepole mpaka chini, akanyoosha miguu pembeni ya kaburi na kuanza kuongea, mkono ukienda huku na huku, kama mtu anayesimulia yaliyotokea nyumbani mwenzake akiwa safarini. Olebile alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi.

Palikuwa na mteja mwingine wa kumwona siku hiyo, kijiji cha Kalamare. Mzee aliongea muda mrefu. Jua lilipohama na kumpiga Olebile usoni, nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakibana dirishani kimkinge, nikaendelea kusubiri.